Mkwaruzo Kwenye Mdomo wa Mbao

Wifi yangu tunamwita Miwani. Jina nilimpa mimi, na kwa kuwa mawifi tuna ruhusa ya kutaniana mpaka majirani wasikie, hakuna aliyenikataza. Kazi yake inamtaka avae miwani mizito yenye vioo vya rangi ya chungwa, na mara nyingi anarudi nayo nyumbani imepanda kwenye paji la uso, mwenyewe amesahau. Watu njiani humwuliza anachomelea nini. Huwajibu kwamba anachomelea maji, kisha hupita zake akiwa amenuna, maana hapendi kuulizwa swali lile lile kila siku.

Mimi ni mshonaji. Nimeolewa na kaka yake, fundi wa majokofu ambaye ukimtafuta nyumbani humpati, kichwa chake kiko ndani ya jokofu la mtu. Tunaishi kwa baba mkwe. Cherehani yangu iko barazani mbele, karakana ya mzee iko uani, na katikati kuna ujia mwembamba unaopitisha sauti zote, kwa hiyo hakuna linalosemwa nyuma nisilolisikia mbele. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniuliza baadaye nimejuaje.

Baba mkwe ni seremala, na si mtu wa maneno. Akimaliza kupiga randa ubao hautazami. Hugeuza uso pembeni, hufumba macho, akaupapasa kwa kidole cha pete. Vidole vingine, alinieleza siku moja, vimeota sugu na vimekuwa waongo. Kile cha pete hakifanyi kazi nyingi, kwa hiyo bado ni mkweli. Akikuta kitu, hata kidogo kama punje ya chumvi, huchukua msasa akarudia. Nilipoletwa pale kama mke alinitengenezea meza ya cherehani, na mpaka leo hakuna kitambaa kilichowahi kunasa kwenye ukingo wake, hata hariri.

Miwani yeye anafanya kazi kwenye maabara ya maji ya taasisi moja. Niliijua kazi yake siku waliponiagiza mapazia meusi ya kuziba mwanga. Niliyashona mazito, ya kuburuza chini, nikaenda kuyatundika mwenyewe kwa sababu simwamini mtu na pindo langu. Chumba kilikuwa na harufu ya unyevu na mafuta ya pampu. Juu kulikuwa na tangi, katikati mfereji mrefu wa kioo ambamo maji yanapita, na pembeni mashine ya leza imefungwa kwenye meza ya chuma. Akanivisha miwani kama yake, akaufunga mlango, akaiwasha. Mwale wa kijani ukatoka mmoja, ukagawanywa ukawa miwili, halafu miwili ile ikakutanishwa tena katikati ya maji, kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha pini.

Sikuelewa, nikamwambia sijaelewa. Akachukua kitana kwenye pochi yangu, akapitisha ukucha kwenye meno yake, polepole, kisha haraka. Ukucha ukienda polepole kitana kinanguruma. Ukienda haraka kinalia kwa sauti nyembamba. Basi, akasema, pale miale miwili inapokutana hutokea mistari ya mwanga na giza, imepangana kama meno ya kitana. Maji yenyewe leza haiyaoni. Inachoona ni vumbi ndani yake, na wao huyatia makusudi unga wa kioo laini kuliko unga wa ngano. Kila chembe ikipita kwenye mistari ile inametameta, na mashine inasikiliza: ikimetameta haraka, maji yana kasi. Chembe zote zikiimba sauti moja, maji yametulia. Kila moja ikiimba yake, kuna msukosuko.

Nikamwambia, kumbe kazi yenu ni kuyachafua maji kisha kuuchunguza uchafu wenyewe. Alicheka mpaka akashika meza. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu baada ya hapo kiliadimika.

Ilikuwa hivi. Maabara ilipewa kazi ya kukagua mita kubwa za maji za mji, zile za kwenye mabomba makuu. Kazi hiyo inataka maji yaingie kwenye mfereji yakiwa yametulia, la sivyo mita nzuri itaonekana mbaya na mbaya itaonekana nzuri. Utulivu wa maji unategemea mdomo, yaani ile sehemu yanapotoka kwenye tangi na kuingia kwenye kioo. Huwa mpana nyuma, unajikunja taratibu, unakuwa mwembamba mbele. Mdomo wao wa bati ulikuwa umeliwa na kutu. Mkuu wa maabara akauliza nani anamjua seremala wa kuaminika, awatengenezee wa mbao. Miwani alinyamaza. Aliyesema ni mtunza stoo, kwamba baba wa huyu dada hapa ni fundi ambaye hana mfano, na kila mtu akamgeukia Miwani, naye akasema ndiyo, ni kweli, kana kwamba amekumbushwa kitu.

Mzee aliifanya kazi ile kama mtu anayemtengenezea bintiye kitanda cha harusi. Alichana mbao vipande vyembamba, akavikunja kwa mvuke, akavigandisha kimoja baada ya kingine, akapiga randa, akapiga msasa, akapaka vanishi, akapiga msasa tena juu ya vanishi. Mimi nilikuwa nikimpelekea chai uani nikikuta amefumba macho, kidole cha pete kinatembea ndani ya ule mdomo kama mdudu anayetafuta njia. Alipomaliza aliniita nipapase. Ulikuwa laini kama ndani ya shavu.

Siku ya kuufunga alikwenda nao mwenyewe, na suruali yake ya kazi yenye vumbi la mbao, na kofia yake ya kitambaa. Wahandisi walikuwepo, na wageni wa idara ya maji. Mzee alipopiga magoti kuuweka sawa aliita, bila kugeuka, "Kipande, nishikie hapa." Kipande ndilo jina alilompa bintiye alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa akiokota vipande vya mbao vilivyoanguka chini ya meza na kujengea nyumba. Hakuna mwingine anayemwita hivyo. Wahandisi wakatabasamu. Mmoja akarudia, "Kipande?" Miwani akajibu, kwa sauti ya ofisini, "Fundi, weka tu hapo chini, watakuja vijana kushika."

Mzee aliporudi nyumbani alinisimulia huku akicheka. Kazini, alisema, mimi si Baba, mimi ni Fundi. Kila mahali na utaratibu wake. Nilicheka naye, lakini niliingia ndani nikiwa nimekasirika, na nikamkatia mteja wa watu kiuno cha sketi chembamba kuliko vipimo.

Wakapima. Msukosuko ukatoka mara nne ya unaokubalika. Hapo mkuu wa maabara akauliza unatoka wapi, na chumba kizima, pamoja na mzee, aliyerudi kesho yake kushuhudia kipimo, akiwa amesimama kando ameshika kofia yake mkononi, kikamtazama Miwani. Angeweza kusema hajui, apewe siku ya kuchunguza. Hakusema. Alisema, "Unatoka kwenye mdomo. Kuna mkwaruzo kwenye kiungo cha mbao."

Mzee akauchukua mdomo wake, akaurudisha nyumbani, akaupiga msasa upya. Akaupeleka. Wakapima. Jioni bintiye akapita barazani kwangu bila kunitania, akaenda uani, nikasikia mzee akiuliza, "Bado?" naye akijibu, "Bado, Baba." Mzee akarudia tena. Alibadilisha msasa, akatumia ule laini kabisa ambao ukiushika unadhani ni karatasi ya kawaida. Akaupeleka. Bado. Safari ya mwisho hawakumrudishia. Walisema wameshaagiza mdomo wa chuma kiwandani, wakamshukuru, na ule wa mbao wakautoa nje wakauweka uani kwao karibu na mapipa.

Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa njia ile. Hakulalamika hata kidogo. Alikuja barazani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavitazama vidole vyake mbele na nyuma. "Mkwe wangu," akaniambia, "mikono nayo ina mwisho wake. Bora mtu aambiwe na mtoto wake kuliko na mtu baki." Jirani alikuja kuagiza mlango, akamwambia atafute fundi mwingine. Akaanza kuzifunga zana zake kwa vitambaa alivyoniomba mimi: randa, patasi, misumeno, hata ule msumeno mdogo aliorithi kwa baba yake. Akampelekea ujumbe fundi mmoja aliyewahi kujifunza kwake, sasa ana karakana yake mtaa wa pili, kwamba Jumamosi aje azichukue zote.

Mume wangu alijaribu kumzuia. Mzee akamjibu kwamba randa nzuri kwenye mkono mbaya ni kuharibu mbao za watu.

Huku nyuma, mdomo wa chuma ulifika maabara, unang'aa, umepigwa mhuri wa kiwanda. Wakaufunga kwa bolti. Wakajaza maji, wakatia ule unga wa kioo, Miwani akawasha leza. Msukosuko ukatoka vile vile. Si karibu na ule wa mwanzo, vile vile.

Haya yaliyofuata alinieleza mwenyewe baadaye. Aliwaambia wenzake waende wakale, yeye atabaki kuangalia pampu. Kwenye kabati kuna gurudumu dogo lenye mota, na kwenye ukingo wake wamegandisha waya mwembamba kuliko unywele. Gurudumu hilo linazunguka kwa mwendo ule ule siku zote, na hakuna maji, hakuna mdomo, hakuna seremala. Ukipima waya ule kwa leza, jibu linatakiwa litulie kabisa. Ni kipimo cha kujipima mwenyewe, na alitakiwa akifanye kabla ya kumshutumu mtu yeyote. Hakukifanya, kwa sababu alikifanya kipindi kilichopita na kilikuwa kizuri, na kwa sababu alikuwa na uhakika. Sasa akaliweka gurudumu kwenye makutano ya miale, akaliwasha. Mashine ikamwambia kwamba waya unakwenda kwa msukosuko. Ule ule, mara nne.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alifungua mashine na kuikuta lenzi moja imekaa kinyume. Lenzi ile ina uso mmoja bapa na mwingine umevimba, na kila uso una upande wake wa kuangalia. Mwale, alinieleza, una kiuno kama gauni: unajibana mahali fulani halafu unapanuka tena, na miale miwili inatakiwa ikutane viunoni. Hapo ndipo mistari inapangana sawasawa. Lenzi ikigeuka, kiuno kinahama, miale inakutana mahali pengine, na meno ya kitana yanakuwa yamebanana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Ukucha unaweza kupita kwa mwendo mmoja na bado kitana kikaimba sauti tofauti. Msukosuko haukuwa kwenye maji. Ulikuwa kwenye mwanga wake.

Na lenzi ile alikuwa ameitoa yeye, akaifuta vumbi, akairudisha, siku chache kabla mzee hajaleta mdomo wake. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Alisema alizima leza akaketi sakafuni, nyuma ya mapazia yangu, akaona haya ingawa alikuwa peke yake. Hakujua kama mtu anaweza kuona haya gizani, peke yake, aliniambia, lakini uso ulimwaka moto kama anatazamwa.

Kazini alilisema. Kwa hilo nampa heko. Kwenye kikao alisimama akasema, "Kosa ni langu. Mdomo wa yule mzee haukuwa na kasoro yoyote." Mkuu wa maabara akamshukuru kwa ukweli wake, akasema vipimo ndivyo vilivyo, leo huku kesho kule, na kwamba mdomo wa chuma ubaki kwa kuwa umeshafungwa. Wahandisi wakaitikia kwa vichwa, wakaingia kwenye ajenda nyingine. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba alitoka pale amejisikia vibaya zaidi, maana aliyetakiwa kuyasikia maneno yale hakuwepo.

Kwetu hakuja. Ana chumba chake cha kupanga si mbali, na kila Jumapili huja kula. Jumapili ile hakuja, akatuma ujumbe kwamba ana kazi. Mzee akasema mwacheni, msomi hana Jumapili. Nilimtazama akila na nikafikiri labda ni yeye, bintiye, aliyemchukia babake kwa kumwaibisha. Kumbe nilikuwa nimelishika jambo kinyumenyume.

Ijumaa alasiri akaja barazani na sketi kwenye mfuko. Akasema pindo limefumuka. Nililigeuza lile pindo nikalitazama. Nilikuwa nimelishona kwa mkono wangu, na hakuna uzi uliokuwa umelegea.

"Wifi," nikamwambia, "pindo hili limekukosea nini?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akainama, miwani ikateleza kutoka kwenye paji la uso ikamwangukia puani, na mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Kisha akaanza kueleza. Gurudumu, waya, lenzi, kiuno, yote. Niliisimamisha cherehani. Nilihisi hasira ikinipanda toka miguuni, kwa sababu kwenye ule ujia, nyuma yetu, zana za mzee zilikuwa zimeshapangwa ukutani zimefungwa vitambaa vyangu, kama watoto wanaosubiri kupelekwa kwa ndugu.

Nikamwuliza kwa nini hakupima gurudumu kwanza. "Kwa sababu aliniita Kipande mbele yao," akasema. "Na suruali ile, na kofia. Niliona aibu, wifi. Nilitaka waone kwamba mimi siye mtoto wa mtu, mimi ni mpimaji. Mkuu alipouliza, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kabla sijapima chochote. Nilimtafutia baba kosa ili wasinione nampendelea."

Nilikuwa na maneno mengi, na mengine nilikuwa nimeyaweka toka siku ya "Fundi, weka tu hapo chini." Nikayameza. Nilimwambia tu, "Kesho zana zinachukuliwa. Haya unayoyaogopa leo, kesho utayakuta yamezaa."

Akaenda uani. Mimi nikachukua beseni ambalo halikuwa na haja ya kuchukuliwa, nikasimama kwenye ujia.

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi tupu ya karakana. Bintiye hakukaa. Alimweleza amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na alipofika kwenye lenzi mzee akamkatiza, akauliza, "Uliigeuza?" Akajibu, "Niliigeuza." Mzee akacheka. Nawaambia alicheka kweli, kicheko cha zamani, akasimulia jinsi alivyowahi kumfungia mwalimu mmoja mlango juu chini, kitasa kikawa usawa wa magoti, na mwalimu kwa upole wake akautumia hivyo hivyo mwezi mzima akiinama. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni yameisha.

Lakini Miwani hakucheka naye. Akasema, "Si hilo tu, Baba. Siku ile niliona aibu kuwa mtoto wako mbele ya wale watu. Ndiyo maana nilisema haraka."

Kicheko cha mzee kikaisha taratibu. Akaipangusa benchi kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi tena. "Hilo nililiona," akasema. "Ndiyo maana nilikubali kuwa Fundi." Halafu akakunja uso, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. "Ila kuna kitu sikielewi. Mbona niliukuta?"

"Ulikuta nini, Baba?"

"Mkwaruzo. Mwanzo haukuwepo, nilipapasa hapa hapa nyumbani, sikukuta kitu. Uliposema upo, nikarudi nikapapasa tena, nikaukuta. Pale pale uliposema, kwenye kiungo. Nikaupiga msasa, nikaukuta tena. Nikasema, mwanangu ana mashine inayoona vumbi ndani ya maji, mimi nina kidole. Ikawa kila nikipapasa, upo."

Kwenye ujia beseni likanielemea mikononi kama limejaa maji. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Akaniita, mkwe wangu, najua upo hapo, tuletee chai.

Walikunywa chai. Akasema basi zana zibaki, fundi wa mtaa wa pili ataelewa. Mume wangu aliporudi nikampa habari, akatikisa kichwa akasema dada yake siku zote alikuwa na haraka, na usiku ule nililala nikiwa na furaha ya kijinga, ya mtu anayeamini kwamba ukweli ukishasemwa kazi imekwisha.

Jumamosi asubuhi Miwani akaja na mkokoteni. Alikuwa amekwenda kuuomba ule mdomo wa mbao maabara, wakampa bila swali, na kule uani kwao kumbe toka mwanzo aliufunika kwa kipande cha pazia jeusi kilichobaki, usinyeshewe. Wakati anaushusha, fundi wa mtaa wa pili naye akaingia kuchukua zana, hajapata habari. Mzee akamwambia asubiri kidogo, akakaa kwenye kizingiti.

Miwani akauweka mdomo kwenye benchi. Ulikuwa haujapata hata doa. "Papasa, Baba," akasema. "Hakuna kitu. Papasa uone."

Mzee akageuza uso pembeni kama kawaida yake. Akafumba macho. Kidole cha pete kikaingia, kikatembea kwenye ule mkunjo, kikapita ubavuni, kikarudi. Kikafika kwenye kiungo. Kikasimama.

"Huu hapa," akasema.

Tulidhani anatania. Miwani alianza hata kutabasamu. Mzee akafumbua macho, na hayakuwa macho ya utani. Akarudisha kidole, akakisogeza mbele na nyuma pale pale. "Huu hapa. Mdogo, lakini upo."

Fundi wa mtaa wa pili akainuka, akapapasa. Akasema, mzee, hapa pamelala kama kioo. Nikapapasa mimi, ambaye uzi mmoja ukiruka kwenye kitambaa naujua nikiwa nimefumba macho. Hapakuwa na kitu. Mwisho akapapasa Miwani. Aliweka kidole chake mahali ambapo kile cha babake kilikuwa kimesimama, akakiacha hapo muda mrefu, na nikaona jinsi uso wake unavyobadilika. Alikuwa amepata jibu la msukosuko mwingine, na safari hii hakukuwa na lenzi ya kuigeuza.

Mzee alikuwa anamtazama, anasubiri. Si kwa lawama. Alikuwa anasubiri aambiwe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mashine.

"Mimi sisikii kitu, Baba," akasema. "Haupo. Sikuupima. Niliusema tu."

"Najua," mzee akasema kwa upole. "Uliniambia jana. Nimekuamini." Akakipitisha kidole tena. "Nipe msasa."

Kisha Miwani akaenda ukutani, akapiga magoti, akaanza kufungua vitambaa kimoja baada ya kingine mpaka akaupata, ule laini kabisa. Fundi wa mtaa wa pili akanitazama, akaaga kwa kichwa tu, akatoka mikono mitupu. Miwani alivua miwani yake, akaiweka chini kwenye vumbi. Akaukumbatia ule mdomo kwa mikono na magoti, jinsi alivyokuwa akishikilia mbao utotoni, ili usitikisike, na babake akaanza kupiga msasa mahali ambapo palikuwa laini.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilisikia cherehani yangu ikiniita mbele, mteja amekuja, anapiga hodi, sikwenda. Mzee alipiga msasa, akapuliza, akapapasa. Akapiga tena.

"Bado, Baba?" Miwani akauliza, hajainua uso.

"Bado kidogo, Kipande," akasema. "Shika vizuri."